Maswali ya Wasomaji: Cheti Kinapotaja Jina Jingine

Barua nyingi za safari hii zinalia jambo moja: programu ya barua pepe inaonya kwamba jina lililo kwenye cheti cha usalama halilingani na jina la seva. Onyo ni lile lile, chanzo si kimoja. Kwa kuwa hatuchapishi domeni za wasomaji, kila mahali tumeweka mfano.co.tz, wewe badilisha uweke ya kwako.

Tumehamisha tovuti, Outlook imeanza kulalamika

*Habari za kazi, mafundi. Tuna duka la vipuri vya pikipiki hapa Igoma. Tulihama kutoka kampuni moja ya kutunza tovuti kwenda nyingine, barua pepe zikahama pia. Tangu siku hiyo Outlook ikifunguka inasema jina la kwenye cheti si sahihi. Nikibonyeza Ndiyo inaendelea, kesho yake inarudia. Kwenye mipangilio tumeandika mail.mfano.co.tz kama zamani. Fundi mmoja wa mjini anasema tununue cheti cha shilingi 300,000. Tununue?* — Mwenye duka, Igoma

Msinunue kwanza. Unapotuma pesa kwa simu, kabla hujaweka namba ya siri linakuja jina la mpokeaji. Likija jina usilolijua, unaghairi. Cheti kinafanya kazi hiyo hiyo. Outlook imeambiwa iende kwa mail.mfano.co.tz, imefika, seva imetoa cheti, Outlook imesoma majina yaliyomo na lile iliyoambiwa halimo. Cheti chenyewe kinaweza kuwa halali kabisa na cha gharama kubwa. Mkinunua kipya, halafu seva ikaendelea kutoa kile cha zamani, mtakuwa mmelipa na onyo mnalo.

Anza kwa kukisoma. Kwenye dirisha la onyo kuna kitufe cha kuonyesha cheti. Kibonyeze, nenda sehemu ya maelezo, tafuta mstari unaoitwa Subject Alternative Name. Hapo ndipo penye orodha ya majina yanayokubalika. Watu wengi huishia kwenye jina kuu la juu wakaridhika, lakini programu za siku hizi hutazama orodha. Kivinjari cha Chrome kiliacha kabisa kuliangalia jina kuu mwaka 2017, toleo la 58.

Kwa mlivyoeleza, humo mtakuta jina la mashine ya kampuni mliyohamia, mfano seva12.mtunzaji.com. Mashine moja hubeba mamia ya wateja, na isipokuwa na cheti chenye jina lenu hutoa cha kwake. Hapo mna njia mbili.

Njia ya kwanza ni ya dakika tano na haina gharama: badilisheni jina kwenye programu, si kwenye cheti. Mahali palipoandikwa mail.mfano.co.tz, kwa seva ya kupokea na ya kutuma, andikeni jina lile lile mlilolikuta kwenye cheti. Kupokea kwa IMAP (njia ya kusoma barua zikiwa kwenye seva) weka poti, yaani namba ya mlango wa seva, 993 na usimbaji wa SSL/TLS. Kutuma weka poti 465 na SSL/TLS, au 587 na STARTTLS (mazungumzo huanza wazi kisha hufungwa). Ukichanganya, yaani 465 na STARTTLS, haitaunganika kabisa na utadhani tatizo la cheti limezidi. Jina la mtumiaji ni anwani kamili, pamoja na alama ya @ na kinachofuata. Anwani yenu haibadiliki na wateja hawataona tofauti yoyote.

Ubaya wake ni kwamba kampuni ikiwahamishia mashine nyingine, seva12 itakuwa seva19, na itabidi mshike kila simu na kila kompyuta upya. Kwa duka lenye vifaa vitatu, si kitu. Kwa ofisi ya watu thelathini tungependa njia ya pili.

Njia ya pili ni kuifanya seva iwe na cheti chenye mail.mfano.co.tz. Kama mnatumia cPanel (ukurasa wa kusimamia tovuti na barua pepe), fungueni ukurasa wa SSL/TLS Status, tafuteni mstari wa mail.mfano.co.tz, wekeni alama, kisha bonyezeni Run AutoSSL, kipengele kinachoomba cheti chenyewe. Subirini, onyesheni upya ukurasa. Ikikubali, kufuli la mstari huo litakuwa la kijani. Ikikataa, karibu kila mara ni moja kati ya haya: rekodi ya DNS (orodha inayosema kila jina liko kwenye mashine gani) ya mail bado inaelekea kwa kampuni ya zamani (kwa mtu aliyehama hii ndiyo ya kushuku kwanza), domeni iko nyuma ya Cloudflare (huduma inayokaa mbele ya tovuti) na wingu la mail ni la rangi ya chungwa badala ya kijivu, au kuna rekodi ya CAA inayoruhusu watoa vyeti wengine tu. Kuhusu wingu, kumbukeni kwamba likiwa la chungwa Cloudflare hupitisha safari za tovuti, si za barua pepe, kwa hiyo mail lazima iwe kijivu bila kujali habari ya cheti.

Kuna kifaa kimoja kitakachowasumbua hata baada ya hapo: mashine ya kunakili inayotuma skani kwa barua pepe. Nyingi za zamani, sawa na kompyuta za Windows XP, hazitaji jina zinalolitaka zinapobisha hodi kwenye seva. Seva isipoambiwa jina hutoa cheti chake cha kawaida, cha seva12. Mashine kama hiyo ipeni jina la seva12 na muiache hivyo.

Kuhusu zile 300,000: cheti cha mtoaji anayeitwa Let's Encrypt ni bure, na AutoSSL ni sehemu ya cPanel. Fundi ana haki ya kulipwa kwa kazi yake, lakini aiite kazi, asiiite bei ya cheti. Na akiwauzia «cheti cha miaka mitatu», muulizeni atakibadilisha mara ngapi ndani ya miaka hiyo. Septemba 2020 kikomo cha cheti cha umma kiliwekwa siku 398, nacho kinapunguzwa kwa ngazi: siku 200 kuanzia 15 Machi 2026, siku 100 kuanzia 15 Machi 2027, na siku 47 kuanzia 15 Machi 2029. Anayeweka vyeti kwa mkono atachoka.

Webmail ni safi, simu zinakataa

*Shikamooni mafundi. Natunza seva ya chuo kidogo huku Nyegezi: Ubuntu, Postfix na Dovecot. Nimepata cheti cha Let's Encrypt, webmail inafunguka vizuri na kufuli lipo. Lakini simu za walimu zinasema cheti ni cha jina la mashine, tena kimejisaini chenyewe. Cheti kipo, kwa nini hakionekani?* — Kijana wa TEHAMA, Nyegezi

Marahaba. Kwenye mashine yako kuna milango mitatu na kila mlango una bawabu wake. Apache au Nginx analinda 443, Dovecot analinda 993, Postfix analinda 25, 465 na 587. Ulipoomba cheti, bawabu wa 443 alipewa. Wale wawili bado wanaonyesha kile kilichokuja na Ubuntu siku ya kwanza, ssl-cert-snakeoil, ambacho hubeba jina la mashine.

Usikisie, uliza kila mlango kwa amri. Wa IMAP:

`openssl s_client -connect mail.mfano.co.tz:993 -servername mail.mfano.co.tz </dev/null | openssl x509 -noout -subject -dates -ext subjectAltName`

Wa kutuma, kwenye 587, ambako mazungumzo huanza wazi ndipo yanafungwa:

`openssl s_client -starttls smtp -connect mail.mfano.co.tz:587 -servername mail.mfano.co.tz </dev/null | openssl x509 -noout -subject -dates -ext subjectAltName`

Kwa 465 tumia ile ya kwanza, ubadilishe namba tu. Zifanyie majaribio ukiwa nje ya mtandao wa chuo, kwa bando la simu yako, maana ndani majibu yanaweza kudanganya (soma barua ya Kirumba hapa chini). Usiache kuandika -servername. Ukiiacha, kwa seva yenye domeni nyingi utaletewa cheti cha kawaida na utapoteza mchana mzima ukitibu ugonjwa usiokuwepo.

Sasa dawa. Kwa Postfix:

`postconf -e 'smtpd_tls_cert_file=/etc/letsencrypt/live/mail.mfano.co.tz/fullchain.pem'`
`postconf -e 'smtpd_tls_key_file=/etc/letsencrypt/live/mail.mfano.co.tz/privkey.pem'`

Kwa Dovecot 2.3, fungua /etc/dovecot/conf.d/10-ssl.conf:

`ssl_cert = </etc/letsencrypt/live/mail.mfano.co.tz/fullchain.pem`
`ssl_key = </etc/letsencrypt/live/mail.mfano.co.tz/privkey.pem`

Ile alama ya < mbele ya njia ya faili si kosa la uchapaji. Inamwambia Dovecot asome yaliyomo ndani ya faili. Ukiisahau atadhani njia yenyewe ndiyo cheti. Toleo la 2.4 limebadilisha mambo: mistari inaitwa ssl_server_cert_file na ssl_server_key_file, na alama hiyo haiwekwi. Kwa hiyo kabla hujanakili maelekezo ya mtu yeyote, yetu yakiwemo, andika `dovecot --version`.

Tumia fullchain.pem, si cert.pem. Ukiweka cert.pem jina litalingana, ila simu nyingi za Android zitakataa kwa sababu cheti cha kati hakipo. Hilo ni kosa lingine lenye sura inayofanana, na limepoteza usiku wa mafundi wengi. Ukimaliza: `systemctl reload postfix dovecot`, kisha urudie zile amri mbili za juu.

Kama walimu wengine waliwekewa imap.mfano.co.tz na wengine smtp.mfano.co.tz, cheti chenye mail peke yake hakitawatosha. Ongeza majina:

`certbot certonly --cert-name mail.mfano.co.tz -d mail.mfano.co.tz -d imap.mfano.co.tz -d smtp.mfano.co.tz`

Hilo neno --cert-name lina kazi. Bila hilo certbot, programu inayoomba cheti, huweza kufungua folda mpya, mail.mfano.co.tz-0001, ikaweka cheti kipya humo, huku Postfix na Dovecot wakiendelea kusoma cha folda ya zamani. Utaangalia folda, utaona majina yote matatu, utaapa kwamba kila kitu kiko sawa. `certbot certificates` huonyesha folda zote na majina ya kila moja.

Kila jina lazima liwe na rekodi ya DNS inayofika kwenye seva hiyo, na poti 80 iwe wazi wakati wa uhakiki. Jaribu kwanza kwa kuongeza --dry-run, kwa kuwa Let's Encrypt hukusimamisha ukishindwa uhakiki mara 5 ndani ya saa moja kwa jina lile lile, na hawatoi zaidi ya vyeti 5 vyenye majina yale yale kwa wiki.

La mwisho kwako: cheti hicho ni cha siku 90. Certbot kitakibadilisha chenyewe, lakini Dovecot anakumbuka cha zamani mpaka aambiwe asome upya. Tengeneza faili /etc/letsencrypt/renewal-hooks/deploy/barua.sh, mstari wa kwanza #!/bin/sh, wa pili systemctl reload postfix dovecot, halafu uifanyie chmod +x. Bila faili hiyo utapigiwa simu na mkuu wa chuo karibu na siku ya 90, na atakayepiga hatakuwa na haja ya kujua tofauti ya folda na kumbukumbu.

Ndani ya ofisi kosa, nje hakuna

*Mafundi, nisaidieni. Ofisi yetu ipo Kirumba na seva ya barua pepe ipo hapa hapa chumbani, nyuma ya ruta ya MikroTik. Nikiwa nyumbani Buhongwa, webmail inafunguka bila onyo. Nikiwa ofisini, mita tatu kutoka kwenye seva, naambiwa cheti si cha mail.mfano.co.tz. Na programu ya kwenye kompyuta haiunganiki kabisa. Kuna nini?* — Mhasibu, Kirumba

Dada au kaka, seva yako haina kosa, hujaifikia. Kompyuta yako inauliza mail.mfano.co.tz iko wapi, inaambiwa anwani ya nje, ile mliyopewa na mtoa intaneti. Anwani hiyo ni ya ruta yenu. Ruta imeamriwa kupeleka kwenye seva wageni wanaoingia kutoka nje. Wewe umetokea ndani, amri haikuhusu, kwa hiyo ruta inakujibu yenyewe. Kwenye 443, kama ukurasa wake wa usimamizi umewashwa, inatoa cheti chake, na jina halilingani. Kwenye 993 hakuna anayesikiliza, ndiyo maana programu haiunganiki. Dalili mbili, ugonjwa mmoja.

Tiba rahisi ni kuifundisha ruta jibu la ndani. Kama seva ina anwani 192.168.88.10:

`/ip dns static add name=mail.mfano.co.tz address=192.168.88.10`

Kisha hakikisha ruta inakubali kujibu maswali ya DNS ya vifaa vya ndani (allow-remote-requests=yes), na kwamba DHCP, huduma ya kugawa mipangilio ya mtandao, inavigawia vifaa anwani ya ruta kama DNS, si 8.8.8.8 (DNS ya Google). Hapa ndipo wengi hukwama: wameweka rekodi, lakini kompyuta haiulizi ruta. Na ukishaikubalia ruta kujibu, zuia poti 53 upande wa nje, la sivyo dunia nzima itaitumia. Kwenye Windows futa kumbukumbu kwa `ipconfig /flushdns`. Simu za Android zenye Private DNS, na vivinjari vinavyouliza DNS kwa njia yao ya siri, vitaendelea kuipita ruta. Kwa hivyo, ama uvizime hivyo vipengele, ama umwombe fundi aongeze kanuni ya kumrudisha ndani mtu aliyetoka ndani, wanayoiita hairpin NAT.

Usishawishike kuandika 192.168.88.10 moja kwa moja kwenye programu. Utaunganika, lakini cheti hakina namba hiyo ndani yake, na ukitoka tu mlangoni simu haitaipata seva.

Barua za wateja wa nje zinarudi

*Sisi ni kiwanda cha minofu ya sangara, Ilemela. Wiki mbili sasa baadhi ya wateja wa Ulaya wanasema barua zao kwetu zinakaa siku kadhaa halafu zinarudi, na kwenye maelezo kuna neno la cheti na jina la MX. Wengine zinafika bila shida. Hatujabadilisha cheti, tulibadilisha seva tu.* — Ofisi ya mauzo, Ilemela

Hapo kwenye «seva tu» ndipo penye jibu. MX ni rekodi ya DNS inayotaja seva inayopokea barua za domeni yenu.

Kwa kawaida seva ya mtumaji ikiongea na ya kwenu kwenye poti 25 haichunguzi jina la cheti. Hufunga mazungumzo kama inaweza, ikiona jina tofauti hupuuza. Ndiyo maana wateja wengine hawana shida. Mambo hubadilika domeni yenu ikiwa imetangaza sera ya MTA-STS, utaratibu uliorasimishwa mwaka 2018. Sera hiyo inawaambia watumaji: msituletee barua isipokuwa seva ni hizi, na vyeti vyao vina majina haya. Gmail ni miongoni mwa wanaoitii. Mtumaji anayeitii akikuta jina jingine hataitupa barua. Ataishikilia, atajaribu tena na tena, muda ukiisha ataurudisha mzigo kwa mwenyewe. Hiyo ndiyo habari ya siku kadhaa.

Fungueni kwenye kivinjari https://mta-sts.mfano.co.tz/.well-known/mta-sts.txt. Mtaona kitu kama hiki:

`version: STSv1`
`mode: enforce`
`mx: mail.mfano.co.tz`
`max_age: 604800`

Linganisheni mambo matatu. Jina la mstari wa mx, jina linalotoka kwa `dig MX mfano.co.tz +short`, na majina yaliyo kwenye cheti cha poti 25 (tumieni amri ya -starttls smtp iliyo juu, poti 25). Yote matatu yakubaliane, na cheti kitoke kwa mtoaji anayeaminika. Cha kujisaini hakikubaliki hapa. Angalieni vizuri kwamba kinachotakiwa kwenye cheti ni jina la MX, si kile kinachofuata alama ya @ kwenye anwani zenu. Seva moja inaweza kupokea barua za domeni ishirini kwa cheti chenye jina moja.

Kama barua zinapotea leo na oda zinasubiri, badilisheni kwanza enforce iwe testing, kisha badilisheni namba ya id kwenye rekodi ya TXT ya _mta-sts.mfano.co.tz. Bila kuigusa id, mtumaji aliyehifadhi sera ya zamani hana sababu ya kuisoma mpya mpaka max_age iishe. 604800 ni sekunde za siku 7, na wapo walioweka za mwaka mzima. Tovuti ya mta-sts nayo inahitaji cheti chenye jina lake yenyewe. Kikiwa kimeisha au hakilingani, sera mpya haisomeki na ile ya zamani inaendelea kutawala. Mkihama tena siku nyingine, ongezeni mstari wa mx wa seva mpya siku kadhaa kabla ya kugusa MX.

Outlook inaonya kwa jina la kampuni ya tovuti

*Shirika letu la Musoma lilihamishia barua pepe Microsoft 365. Tovuti imebaki ilipokuwa. Barua zinaingia na kutoka, ila Outlook ikifunguka inaonyesha cheti cha kampuni ya tovuti. Inahusikaje?* — Katibu, Musoma

Outlook hutafuta mipangilio yenyewe, na moja ya sehemu inazobisha mwanzoni ni https://mfano.co.tz/autodiscover/autodiscover.xml, yaani domeni tupu, bila neno mbele. Domeni tupu iko kwenye mashine ya tovuti. Hiyo mashine haijui chochote kuhusu barua zenu, lakini mlango wa 443 uko wazi, na kabla haijasema «sina faili hilo» inatoa cheti chake.

Tiba yenye maana ni kuipatia tovuti cheti chenye mfano.co.tz na www.mfano.co.tz, ambacho mnakihitaji hata kwa wageni wa tovuti. Outlook itapata jibu safi la «halipo» na kusonga mbele kwenye autodiscover.mfano.co.tz, ambayo iwe CNAME (rekodi ya DNS inayoelekeza jina moja kwa jingine) kwenda autodiscover.outlook.com. Mwenye tovuti akigoma, kwenye kila kompyuta fungueni regedit, HKEY_CURRENT_USER\Software\Microsoft\Office\16.0\Outlook\AutoDiscover, ongezeni DWORD inayoitwa ExcludeHttpsRootDomain, thamani 1. Kwa kompyuta nne ni kazi ya nusu saa. Kwa arobaini, mbaneni mwenye tovuti.

Nyota haifiki huko

*Nina cheti cha \*.mfano.co.tz. Kwa nini kinakataliwa kwenye imap.barua.mfano.co.tz?* — Bukoba

Nyota hubeba neno moja tu, kati ya mwanzo na nukta ya kwanza. Inaikubali mail.mfano.co.tz. Haiikubali imap.barua.mfano.co.tz, na haiikubali mfano.co.tz tupu, jambo linalowashangaza watu zaidi. Futa imap.barua, tumia imap.mfano.co.tz. Au omba cheti chenye *.barua.mfano.co.tz ndani yake; kwa Let's Encrypt cheti cha nyota hupatikana kwa uhakiki wa DNS peke yake, poti 80 haisaidii.

Kwenye waifai ya hoteli

*Nikiwa kazini Nansio, kwenye waifai ya nyumba ya wageni simu inasema cheti cha barua pepe ni cha jina nisilolijua. Nikubali tu?* — Afisa ugani, Ukerewe

Usikubali. Mara nyingi ni ukurasa wa kuingia wa waifai hiyo unaodaka kila kitu mpaka uweke namba ya chumba. Fungua kivinjari, maliza kuingia, rudi kwenye barua. Onyo likibaki hata baada ya kuingia, zima waifai utumie bando. Ukibonyeza kubali, simu inaweza kukabidhi neno lako la siri kwa aliyeko upande wa pili.

Umeme ukirudi, cheti kinakataa

*Kila umeme ukikatika na kurudi, kompyuta ya ofisi inasema cheti hakijaanza kutumika. Ni jina?* — Sengerema

Si jina, ni saa. Tazama tarehe pembeni chini. Itakuwa imerudi miaka ya nyuma. Betri ndogo ya kwenye ubao mama, CR2032, imekufa. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, ibadilishe, upande wa alama ya kujumlisha ukitazama juu. Kwenye Windows washa upangaji wa saa kwa intaneti. Kwenye Linux ni `timedatectl set-ntp true`.